Kuwauliza watu wa Lamu kunagharimu shilingi ngapi?

Mji wa kale wa Lamu una ukubwa wa hekta 15.6, takriban viwanja 22 vya mpira wa miguu vikipangwa pamoja. Serikali ya Kenya iliuweka chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ng'ambo ya maji, katika Ghuba ya Manda, imepangwa bandari ya gati 32. Bandari hiyo ndiyo lango la LAPSSET, mradi wa ukanda wa uchukuzi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, unaokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 20. Mji na bandari vinatumia bahari moja.

Kati ya viwili hivyo lipo zoezi ambalo hati za serikali huliita ushirikishwaji wa umma. Katika makala haya nalitumia neno hilo kwa maana moja tu: watu wapewe habari kamili kwa lugha wanayoielewa, kabla uamuzi haujapitishwa, kisha waonyeshwe maoni yao yamebadilisha nini. Orodha ya waliofika mkutanoni na kutia sahihi ni kitu kingine, nami nitaiita hudhurio. Kila mradi mkubwa unapokuja husikika hoja kwamba kuwashirikisha watu ni ghali na kunachelewesha kazi. Hoja hiyo inapimika.

Tuanze na kiwango cha chini kabisa. Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo, atoe tangazo gazetini, atangaze redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji angalau mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo, na afanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 101,539 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Lamu. Tukikisia kwamba kila mkutano ulijaza watu 300, na kwamba hakuna aliyekwenda mara mbili, waliofikiwa ni 900, sawa na asilimia 0.89. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920. Kwa hesabu hiyo, hudhurio lilelile linashuka hadi asilimia 0.63. Watu waliongezeka kwa asilimia 42 katika miaka kumi, na mikutano ikabaki mitatu.

Asilimia ndogo peke yake si kosa. Mtafiti akichagua watu 900 kwa bahati nasibu katika kaunti nzima, anaweza kupata picha nzuri ya wanachokifikiri wote. Tatizo la mkutano ni kwamba hauchagui kwa bahati nasibu. Mtu wa mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, anavuka uchochoro mmoja na kufika. Mtu wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, anahitaji chombo, mafuta na usiku wa kulala mjini. Mzee asiye na kazi anafika mapema, na mama anayepika mahamri ya asubuhi hafiki kabisa. Watu 900 waliopatikana kwa njia hiyo wanatuambia zaidi kuhusu nauli kuliko kuhusu maoni.

Sasa tutazame wakati wa kuuliza, maana hapo ndipo kesi iliyojulikana zaidi ya Lamu ilipoangukia. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulipangwa kujengwa Kwasasi, bara, kaskazini mwa kisiwa. Ungezalisha megawati 1,050 na kugharimu takriban dola bilioni 2. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliutolea leseni tarehe 7 Septemba 2016. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza mashauri ya mazingira liliifuta leseni hiyo. Jopo halikusema kwamba watu hawakuitwa mikutanoni. Mikutano ilikuwapo, lakini ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika. Utafiti ulipotoa matokeo yake, hakuna aliyerudi kwa watu kuwaeleza yaliyoonekana na kuwauliza wanasemaje. Waliulizwa kuhusu kitu ambacho hata aliyewauliza alikuwa hajakijua.

Tangu leseni hadi hukumu zilipita siku 1,022. Tuziweke kando ya muda ambao ushirikishwaji kamili ungechukua. Lamu ina wadi 10. Mikutano mitatu kwa kila wadi ni mikutano 30. Timu moja ikifanya mitatu kwa wiki, itamaliza kwa wiki 10. Ongeza siku 30 za watu kusoma ripoti na kuandika maoni, jumla inakuwa siku 100. Ucheleweshaji uliopatikana kwa kuruka hatua ni mara kumi ya ucheleweshaji uliokuwa ukikwepwa. Lakini hesabu hii ina kisio ndani yake: kwamba watu wakiulizwa vizuri hawatakwenda mahakamani. Hilo halina uhakika. Kuna waliopinga makaa ya mawe yenyewe, nao wangepinga hata baada ya mikutano 300. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba hoja ya mikutano iliyochangia kuuangusha mradi isingepata pa kushika.

Siku 30 za kusoma nazo zinahitaji kuchunguzwa. Ripoti za aina hii huandikwa kwa Kiingereza na hujaa michoro, majedwali na viambatisho. Chukua ripoti ya kurasa 1,000, na msomaji mwenye elimu nzuri anayetumia dakika tatu kwa ukurasa. Hizo ni dakika 3,000, au saa 50. Akisoma saa mbili kila usiku baada ya kazi, atamaliza siku ya 25. Zinabaki siku tano za kujadiliana na majirani, kutafuta mtaalamu wa kumweleza maana ya viwango vya moshi, kuandika maoni na kuyafikisha ofisini. Na huyo ni yule anayekijua Kiingereza cha kitaalamu. Kwa mzee wa mtaa wa Langoni ambaye elimu yake yote aliipata chuoni na madrasani, anayeweza kukusomea hati ya nyumba ya babu yake katika maandishi ya Kiarabu, siku 30 na siku 300 ni sawa.

Tukija kwenye fedha, tarakimu iliyo wazi zaidi inatokana na kesi ya bandari. LAPSSET ilizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia. Mwaka huohuo wakazi walifungua kesi. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka tarehe 30 Aprili 2018, siku 2,250 baada ya uzinduzi. Mahakama iliona kwamba haki ya wakazi ya kupata habari ilivunjwa, na kwamba haki yao ya utamaduni nayo ilivunjwa, kwa kuwa haukuandaliwa mpango wa kuuhifadhi mji huo wa Urithi wa Dunia dhidi ya athari za mradi. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1,760,424,000.

Kiasi hicho kinasikika kikubwa hadi kigawanywe. Kwa kila mvuvi ni Sh382,701. Ikiwa maeneo ya uvuvi yamepotea kwa miaka 10, hizo ni Sh38,270 kwa mwaka, au Sh105 kwa siku. Ikiwa yamepotea kwa miaka 20, ni Sh52 kwa siku. Kwa upande mwingine, gati tatu za kwanza ziligharimu takriban dola milioni 480. Kwa kisio la Sh100 kwa dola, ambalo halikuwa mbali na bei ya wakati ule, hizo ni Sh48 bilioni. Fidia ni asilimia 3.7 ya gharama hiyo. Tarakimu zote mbili ni sahihi. Anayetaka kuonyesha ukarimu atataja ile ya bilioni, na anayetaka kuonyesha uchache atataja ile ya Sh105. Msomaji anahitaji kuziona zote mbili kwenye karatasi moja.

Katika jumla ile ya Sh1.76 bilioni, hata shilingi moja haikuwa ya utamaduni. Samaki wana bei sokoni, kwa hiyo hasara ya mvuvi inakadirika. Nyumba ya mawe yenye daka mbele, zidaka ukutani na mlango wa nakshi haina bei ya aina hiyo. Haki yake ilitambuliwa na mahakama, lakini safu yake katika jedwali la fidia ilibaki sifuri. Siilaumu mahakama, kwani iliombwa kupima kilichopimika. Ninachokiona ni kwamba kitu kisichokuwa na safu ya fedha kina kinga moja tu, nayo ni wenyewe kusikilizwa kabla. Baada ya hapo hakuna hesabu itakayokirudisha.

Basi kusikilizwa huko kungegharimu nini? Makisio yafuatayo ni yangu, na nimeyakuza kwa makusudi. Mikutano 30, kila mmoja Sh250,000 kwa ajili ya mafuta ya mashua, viti, vipaza sauti, chai na posho ya watendaji, ni Sh7.5 milioni. Kutafsiri ripoti ya kurasa 1,000 kwa Kiswahili, kwa Sh1,500 kila ukurasa, ni Sh1.5 milioni. Redio na matangazo, Sh1 milioni. Jumla ni Sh10 milioni. Tuzidishe mara mbili, kwa sababu bajeti za kwanza huwa hazitoshi: Sh20 milioni.

Sasa zipange. Sh20 milioni ni asilimia 1.1 ya fidia ya wavuvi. Ni asilimia 0.04 ya gharama ya gati tatu. Kwa mradi wa makaa ya mawe wa dola bilioni 2, ambao kwa kisio lilelile ni Sh200 bilioni, ni asilimia 0.01. Kama nimekosea mara kumi na gharama halisi ni Sh200 milioni, bado ni shilingi moja katika kila elfu ya mradi ule. Neno "ghali" haliwezi kusimama juu ya tarakimu hizi.

Hata hivyo nisiibebeshe hesabu hii zaidi ya uwezo wake. Wapo wanaoandika kana kwamba Sh20 milioni zingeokoa Sh1.76 bilioni. Si kweli. Wavuvi wangeathirika hata kama wangeulizwa kwa adabu zote, na fidia ingestahili kulipwa vilevile. Kilichokuwa kikiokolewa kwa kuuliza ni sehemu tu: miaka ya kesi, gharama za mawakili, na yale mabadiliko madogo ya ramani ambayo ni rahisi kwenye karatasi na ni ghali baada ya mchanga kuchimbwa. Nani ajuaye mahali ambapo samaki huzaa kuliko mvuvi mwenyewe? Habari hiyo nayo ina thamani, na haikuwa na safu.

Bajeti yangu hapo juu ina kasoro moja ambayo karibu bajeti zote za aina hii zinayo. Imehesabu gharama za anayeuliza na kumsahau anayeulizwa. Mikutano 30 yenye watu 200 kila mmoja ni siku 6,000 za kazi. Tukikisia kipato cha Sh1,000 kwa siku, watu wa Lamu watakuwa wamechangia Sh6 milioni kutoka mifukoni mwao. Ukizijumlisha na Sh7.5 milioni za mikutano, mwananchi analipa asilimia 44 ya gharama ya kuulizwa. Afisa aliyesafirishwa kutoka Nairobi anapata posho ya kulala. Nahodha aliyeiacha mashua yake ufukweni hapati kitu. Hudhurio likiwa dogo, huandikwa kwamba wenyeji hawakuonyesha hamu.

Ulinzi wa majengo yenyewe una ankara yake, na hiyo huzungumzwa kidogo zaidi. Nyumba ya kale ya Lamu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hulala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba: mita mbili na nusu hadi tatu, basi, kwa sababu mti wa mkoko hauvuki umbali mkubwa zaidi ya huo bila kupinda. Mwenye nyumba katika eneo linalolindwa hatakiwi kutatua jambo hilo kwa nondo na saruji. Atafute boriti, fundi wa chokaa, na kibali.

Tuseme ukarabati wa kawaida unagharimu Sh2 milioni, na ukarabati kwa vifaa vya asili unazidi kwa nusu. Nusu hiyo ni kisio langu tu. Kwa nyumba moja inaweza kuwa robo, kwa nyingine maradufu. Mwenye nyumba anatoa Sh1 milioni ya ziada ili sura ya mji ibaki. Faida ya sura hiyo inagawanyika kwa hoteli, waongoza wageni, serikali ya kaunti na kila anayepiga picha kutoka baharini. Mzigo uko kwa mtu mmoja. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti nchini, katazo liligusa mikoko ya Lamu pia. Mkono mmoja wa dola ulimwambia mwenye nyumba atumie boriti, na mkono mwingine ukamkataza aliyekuwa akimkatia. Fundi yeyote wa Lamu angeuona mgongano huo kwa dakika moja kama angeonyeshwa rasimu ya katazo.

Zanzibar inatupa kipimo kingine, kwa kuwa Mji Mkongwe umehesabiwa nyumba kwa nyumba. Eneo la Urithi wa Dunia, lililoorodheshwa mwaka 2000, ni hekta 96, zaidi ya mara sita ya Lamu. Uchunguzi wa miaka ya mwanzo ya 1990, uliozaa mpango wa hifadhi wa 1994, ulihesabu majengo 1,709. Tarakimu hiyo bado inatumika leo, baada ya miaka thelathini ya kuta kuanguka na ghorofa kuongezwa, kwa hiyo ichukuliwe kama makadirio. Idadi ya wakazi inayotajwa mara kwa mara ni 16,000. Wakigawanywa kwa majengo, ni watu tisa hivi kwa kila jengo.

Je, wote wanaweza kuulizwa? Tuseme kila jengo linatembelewa kwa saa moja: mwulizaji anakaa barazani, anaeleza mpango kwa Kiswahili, anasikiliza, anaandika. Hizo ni saa 1,709. Kwa saa sita za kazi kwa siku, mtu mmoja atahitaji siku 285. Watu kumi watahitaji siku 28 na nusu. Mji mzima wa Urithi wa Dunia, mlango kwa mlango, kwa mwezi mmoja wa kazi wa watu kumi. Kisio lililofichika hapa ni kwamba jengo moja lina sauti moja, na si hivyo: kuna nyumba za wakfu, za serikali, na za familia ambazo warithi wake wako Muscat, Dubai na London ilhali wapangaji wako chumbani. Basi tuzidishe mara tatu, siku 86. Bado ni chini ya miezi mitatu.

Kwa upande wa mapato, Zanzibar ilipokea wageni 736,755 mwaka 2024. Si wote waliokanyaga Mji Mkongwe, kwa sababu wengi hupelekwa moja kwa moja Nungwi au Paje, na tarakimu ya wageni huhesabiwa mlangoni mwa nchi. Lakini tujaribu: dola moja kwa kila mgeni, igawanywe kwa majengo 1,709. Kila jengo linapata dola 431 kwa mwaka. Kwa kisio la shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola, hizo ni TSh1.08 milioni. Ikiwa kuezeka na kuimarisha jengo moja kunahitaji TSh30 milioni, mwenye nyumba atasubiri karibu miaka 28. Dola moja haitoshi, na afadhali lisemwe hilo mapema kuliko wenyeji kuahidiwa mkutanoni kwamba utalii utazitengeneza nyumba zao. Hata umaarufu hauokoi jengo: Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa jengo maarufu kuliko yote katika mji huo, nayo ikaanguka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, mafundi wakiwa katika kazi ya kuikarabati.

Turudi Lamu. Gati tatu zimejengwa kati ya 32, zimebaki 29. Zikijengwa tatutatu, ni awamu kumi hivi. Kila awamu ikishirikisha umma kwa bajeti yetu ya Sh20 milioni, jumla ni Sh200 milioni. Gati 29, kwa wastani wa Sh16 bilioni kila moja kama zile za kwanza, ni Sh464 bilioni. Kuuliza kutachukua asilimia 0.043 ya fedha hizo. Kando yake kuna Sh60 milioni za siku za kazi za wavuvi, mafundi wa chokaa na wauza mahamri watakaokwenda kusikiliza katika awamu zote kumi. Wa kuanza kulipwa ni hao, nauli na ujira wa siku mkononi, kabla ya hema kukodiwa na kabla ya posho ya afisa.